Lenzi Ndefu, Lenzi Fupi

Picha iliyowekwa juu ya jeneza la babu ilikuwa na nusu ya muhuri begani. Hatukuwa na nyingine. Baba mdogo aliibandua kwenye kadi ya zamani ya ushirika, akaipeleka Mugumu kwa kijana mwenye skana, ikarudi ikiwa kubwa kama sinia na imejaa ukungu. Macho ya babu yalikuwa madoa mawili meusi. Wazee waliofika kutoka mbali waliitazama kwa heshima na kusema ndiye. Binamu zangu wadogo, ambao babu aliwabeba mgongoni, walinong'onezana wakiulizana huyo ni nani.

Babu aliishi Nyambureti zaidi ya nusu karne. Nyambureti iko wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Ukitaja neno Serengeti mbele ya mtu wa Berlin au Chicago, picha humjia kichwani kabla hujamaliza kusema: simba juu ya jiwe, nyumbu wakivuka Mto Mara. Inakuwaje basi mtu achunge, aoe, azeeke na afe katika wilaya yenye jina hilo, halafu aache picha moja ya ukubwa wa stempu, tena iliyogongwa muhuri?

Swali hilo nilijiuliza kwanza kama mjukuu. Kwa kuwa nilikuwa ndiyo nimeanza shahada ya uzamili ya historia, halikuchukua muda likawa swali la masomo. Na kwa kuwa bibi alikuwa bado hai, likawa pia swali la pesa: kamera ni shilingi ngapi?

*

Nilinunua DSLR iliyokwishatumika, Kariakoo, kwa fedha niliyolipwa kwa kunakili mahojiano ya watafiti. Kama nawe unaanza, huu ni wakati mzuri wa kununua, na sababu yake ni ya kihistoria. Kamera ya aina hii ina kioo kidogo ndani, kilichoinamishwa, kinachorusha mwanga wa lenzi juu kwenye tundu la kuchungulia. Ukibonyeza kitufe, kioo kinaruka, pazia la shata linafunguka, mwanga unaingia kwenye sensa. Ule mlio unaoupenda ni wa kioo kuruka na kurudi.

Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, alitengeneza kamera ya kidijitali iliyochukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Mwaka 1991 Kodak waliuza DSLR yao ya kwanza, iliyojengwa juu ya mwili wa Nikon F3, na mpiga picha alilazimika kuning'iniza begani sanduku la kuhifadhia picha. Mwaka 2003 Canon walitoa EOS 300D, na kwa mara ya kwanza bei ya DSLR nchini Marekani ikashuka chini ya dola 1,000. Mwaka 2018 Canon na Nikon wote wawili walitoa kamera kubwa zisizo na kioo, na wenye fedha wakaanza kuhama. Walichoacha ndicho kinachofika kwenye meza za vioo za Kariakoo, ndani ya uwezo wa mwanafunzi anayekula chipsi siku nne kwa wiki.

Muuzaji aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Serengeti.

"Basi kaka, hii ya kawaida haikufai," alisema, akitoa lenzi nyingine kwenye droo. "Chukua na hii ndefu. Utamleta simba mpaka hapa."

Kwa hiyo niliondoka na lenzi mbili. Moja ni ile inayouzwa pamoja na kamera nyingi za wanaoanza, ya milimita 18 hadi 55. Nyingine ilikuwa ya milimita 70 hadi 300. Sensa ya kamera hizi za bei nafuu ni ndogo kuliko filamu ya zamani ya milimita 35, kwa hiyo inakata kingo za picha, na lenzi ya 300 inaona kama ingekuwa ya 450. Nilijiona nimepata darubini. Sikujiuliza kwa nini mtu anayetaka picha ya bibi yake ameuziwa chombo cha kuwindia simba.

*

Desemba nilipanda basi kwenda nyumbani. Bibi alikuwa uani anapepeta ulezi, jua la saa kumi likimwangukia upande mmoja. Nilikuwa nimesoma kwamba picha nzuri ni ile ambayo mtu hajui kama anapigwa. Nikajibanza nyuma ya zizi, nikaivuta lenzi ndefu mpaka mwisho, nikaanza kubonyeza.

Hakugeuka. Aliendelea kupepeta, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "We mura, unanivizia kama swala?"

Nilitoka nyuma ya zizi nikicheka kwa aibu. Bibi huwa ananiita mume wake, utani wa bibi na mjukuu, lakini siku hiyo hakunitania. Aliweka ungo chini.

"Babu yako na mimi tuliwahi kupigwa picha," alisema.

Sikuwahi kulisikia hilo. Alinisimulia kwamba zamani, baba yangu akiwa bado mtoto, alikuwa anapita mpiga picha siku za mnada, na kamera yake na kitambaa cha kutundika nyuma. Babu alivaa koti, wakasimama na baiskeli katikati yao, wakalipa. Yule mtu akasema filamu ikijaa ataipeleka Musoma kusafishwa, na mnada wa mwezi unaofuata atakuja na picha.

"Tulikwenda minada mitatu," alisema bibi. "Hakurudi."

Kisha akanipa masharti mawili. La kwanza, nikitaka kumpiga picha nimwombe. La pili, nikimpiga, nirudi nayo.

*

Niliporudi Dar es Salaam nilianza kusoma historia ya kamera katika nchi yetu, na kila nilipogeuka nilikutana na mtu aliyejibanza nyuma ya zizi.

Mjerumani Carl Georg Schillings alichapisha mwaka 1905 kitabu kilichompa umaarufu Ulaya. Picha zake alizipiga Afrika Mashariki ya Kijerumani, nyingi usiku, kwa mlipuko wa unga wa magnesi. Alifunga mnyama wa chambo, akatega kamera, mnyama mwindaji akija mwanga unalipuka. Vioo vya picha, kemikali, kamera na vyakula vilibebwa na wapagazi. Jina la kitabu hicho kwa Kijerumani linataja mwanga wa kulipua na bunduki pamoja, na haikuwa tashbihi. Alibeba vyote viwili.

Karibu zaidi na kwetu alikuwa Max Weiss, afisa wa Kijerumani katika tume iliyopima mpaka kati ya eneo la Waingereza na la Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1910 alichapisha kitabu kikubwa kuhusu makabila ya kaskazini ya koloni hilo, na Wakurya wamo. Mpaka uliopimwa wakati ule ndio unaowagawa Wakurya leo, wengine Kenya, wengine Tanzania. Hapa kamera ilikuja pamoja na kamba ya kupimia. Watu waliangaliwa wote, lakini kwa desturi ya vitabu vya wakati ule mtu alisimama mbele ya lenzi ili awe mfano wa kabila lake. Jina la kabila liliandikwa. Jina alilopewa na mama yake, kwa kawaida, halikuulizwa.

Baadaye kamera ikapanda angani. Miaka ya 1933 na 1934, Wamarekani Martin na Osa Johnson walizunguka Afrika Mashariki kwa ndege mbili za Sikorsky, moja imepakwa mistari ya punda milia, nyingine madoa ya twiga. Robo karne baadaye Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walikuja na ndege yao, nayo ina mistari ya punda milia, wakawahesabu wanyama wa Serengeti kutoka juu na kutengeneza filamu iliyoutangazia ulimwengu kwamba Serengeti isife. Michael alikufa tarehe 10 Januari 1959, ndege yake ilipogongana na tai mzoga, akazikwa ukingoni mwa Ngorongoro. Mwaka 1960 filamu ilipata tuzo ya Oscar.

Sitaki kuwabeza. Kijana yule alikufa akifanya kazi aliyoiamini, na wanyama wale wapo mpaka leo kwa sababu kuna watu waliowatetea. Lakini tazama ni nini kinatokea mtu anapotazama nchi kwa lenzi ndefu au kutoka angani. Lenzi ndefu huona pembe nyembamba. Humvuta mnyama karibu na kukiondoa kila kilicho pembeni yake: barabara, boma, mtoto mwenye fimbo. Ukifungua tundu lake, hata mandhari ya nyuma huyeyuka yakawa rangi tupu. Mpiga picha hajasema uongo wowote. Amechagua tu pembe. Mtazamaji wa mbali, baada ya picha elfu moja za namna hiyo, anaamini kwamba nchi ile haikuwa na watu.

Na nchi isiyo na watu ni rahisi kuchorewa mipaka. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951. Mwaka 1959 eneo la Ngorongoro lilitenganishwa nayo, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya hifadhi wakahamia upande huo. Miaka ya 1960 hifadhi iliongezwa kaskazini, na ardhi ya Lamai, kati ya Mto Mara na mpaka wa Kenya, ikaingizwa ndani. Mwaka 1994 yakatangazwa mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti, upande wa magharibi. Siwezi kudai kwamba picha ndizo zilizoweka mipaka hiyo. Ninachosema ni kwamba mipaka ilipowekwa, watu wengi wenye sauti duniani walikuwa wamekwishaiona Serengeti, na katika Serengeti waliyoiona bibi yangu hakuwemo.

Siku hizi hata mpiga picha hahitajiki. Kuanzia mwaka 2010 watafiti walifunga kamera 225 za kujipiga zenyewe ndani ya hifadhi, katika eneo la kilomita za mraba 1,125, na katika miaka mitatu ya kwanza zikakusanya zaidi ya mafungu milioni 1.2 ya picha. Watu wa kujitolea kutoka pande zote za dunia walikaa mbele ya kompyuta zao wakitaja majina ya wanyama waliomo. Ni kazi nzuri ya sayansi na mimi mwenyewe nimeifurahia. Lakini nilipokuwa nikiisoma nilikumbuka ile kadi ya ushirika. Kuna fisi Serengeti aliyepigwa picha nyingi kuliko babu.

*

Historia ile nyingine pia ipo, ya lenzi fupi, ila ilikuwa pwani na mijini zaidi. Zanzibar, Ranchhod Oza alifungua studio yake, Capital Art Studio, mwaka 1930, na watu wa Mji Mkongwe walikwenda humo kwa miguu yao, wamevaa walichotaka kuvaa. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, alianza utotoni na kamera ya boksi iliyokwishatumika. Mwaka 1963 alianzisha Camerapix jijini Dar es Salaam, na mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia ziliitikisa dunia. Hakuzipiga kutoka angani. Alitembea katikati ya watu.

Studio inahitaji kitu ambacho lenzi ndefu haikihitaji: anayepigwa lazima akubali, akae, akutazame. Hilo ndilo sharti la kwanza la bibi. Kwa hiyo nilijua ninachohitaji ni ukaribu, ila kulikuwa na tatizo la mwanga.

Mahali bibi anapojisikia kwake ni jikoni: nyumba ndogo ya udongo, mlango mmoja, mafiga, moshi. Desemba nilikuwa nimejaribu kumpiga humo kwa ruhusa yake na nikapata weusi mtupu. Nikawasha flashi, nikapata bibi aliyeshtuka mbele ya ukuta mweupe, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Nikamtoa nje, nikamsimamisha mlangoni, mbingu nyeupe nyuma yake, nikapata kivuli chenye kilemba.

Ilinichukua miezi kuelewa nilichokosea, na nitakueleza kwa dakika moja. Picha ni kama kujaza ndoo kwenye bomba. Tundu la lenzi ni upana wa bomba. Kasi ya shata ni muda unaoliacha wazi. ISO ni jinsi sensa inavyokuzwa ili iridhike na maji kidogo, na ukiikuza mno picha inajaa chengachenga. Namba ya tundu huwachanganya wote wanaoanza, kwa sababu inakwenda kinyume: f/1.8 ni tundu kubwa, f/5.6 ni dogo. Lenzi zangu zote mbili, nikizivuta, hazikuweza kufunguka zaidi ya f/5.6. Jikoni mwa bibi zilikuwa bomba la kudondosha matone. Shata ilikaa wazi mno, mkono ukatikisika, kila kitu kikavurugika.

Kile kivuli cha mlangoni kilikuwa kosa la namna nyingine. Kipima mwanga cha kamera hakijui kinamtazama nani. Kinachukua wastani wa kila kilicho mbele yake na kudhani wastani huo uwe kijivu cha kati. Mbingu ikitawala picha, kinapunguza mwanga, na uso unazama. Mtu yeyote angezama pale, mweupe au mweusi, lakini uso mweusi hutangulia. Hata hivyo nilipata faraja ya ajabu kujua kwamba tatizo hili lina historia kubwa kuliko ujinga wangu. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mitambo yao kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha rangi sahihi. Picha ya darasa yenye watoto weupe na weusi ilitoka na nyuso za kwanza zikionekana na za pili zikiwa macho na meno. Kamera haijawahi kuwa jicho tu. Kuna mtu aliyeamua kabla yako kitu gani ni cha kawaida.

Dawa ya kosa langu ilikuwa rahisi: kupima mwanga usoni, au kumwambia kamera aongeze hatua moja na nusu. Kwa jikoni, rafiki yangu wa bwenini aliniazima lenzi ya milimita 50, f/1.8, ndogo kama kikombe cha kahawa, ya plastiki, isiyovutika. Ikilinganishwa na f/5.6 inaingiza mwanga karibu mara kumi. Ukitaka kumkaribia mtu kwa lenzi hii, lazima utembee.

*

Julai nilirudi Nyambureti. Asubuhi ya pili nilimwomba bibi. Alinyamaza kidogo, akaenda kubadili kanga, akarudi, akakaa kwenye kigoda chake karibu na mlango wa jiko, mahali ambapo mwanga wa nje unaingia kwa ubavu.

Nilikaa chini, hatua mbili kutoka kwake. Kwa lenzi ile sikuwa na pa kujificha. Akanitazama nami nikamtazama, na kwa sababu kimya kilinitisha nikamwuliza habari za koti la babu siku ile ya mnada. Akasema lilikuwa la kuazima. Mikono ilikuwa mirefu, babu akaikunja, na mpiga picha akamwambia aikunjue ndiyo awe bwana. Alipofika hapo bibi alianza kucheka, mkono ukaenda mdomoni.

Nilipiga picha 11. Kwenye tundu la f/1.8 kina cha fokasi ni chembamba mno: katika picha sita sikio lake lina makali na jicho lina ukungu. Nne ni za kawaida. Moja ni nzuri.

Siku iliyofuata aliniuliza kama ile lenzi ndefu bado ninayo.

Bibi hakuzaliwa Nyambureti. Alizaliwa upande wa Ikoma na kuletwa huku kwa ndoa. Mahali alipozikwa kitovu chake sasa ni ndani ya mpaka. Walihama akiwa msichana mdogo, na hajawahi kuruhusiwa kurudi kama mtu anayerudi kwao. Watalii huingia kwa tiketi. Alitaka nimpeleke mahali ambapo angeweza kupaona.

Tulikodi Probox, mimi, yeye na shangazi. Karibu na mpaka tulipanda kilima kimoja polepole, bibi akishika mkono wa shangazi. Juu alitazama muda mrefu, kisha akanyoosha kidole kuelekea mstari wa vilima vya bluu. Mimi niliona vilima. Nikafunga lenzi ndefu, nikaivuta mpaka mwisho, nikapiga, nikamwonyesha kwenye kioo cha nyuma.

Ilikuwa saa saba mchana, wakati mbaya kuliko wote. Joto linapopanda kutoka ardhini hewa inacheza, na lenzi ndefu inaukuza mchezo huo pamoja na vilima. Picha ilikuwa kama imechorwa kwenye maji. Bibi aliisogeza karibu na macho. Akaanza kutaja majina.

Alitaja kilima. Akataja korongo lililo chini yake, mahali pa kunyweshea ng'ombe, mahali palipokuwa na miti ambapo wazee walikutana, na boma la baba yake, ambalo kwenye picha ni nukta kadhaa za kijani kilichopauka. Shangazi, mwenye miaka sitini na kitu, alikuwa hajawahi kuyasikia nusu ya majina hayo. Nilitoa daftari nikaandika kwa haraka, nikimwomba arudie.

Nilikuwa nimesoma kitabu cha mwanahistoria Jan Bender Shetler, Imagining Serengeti, kilichotoka mwaka 2007. Anaonyesha kwamba kwa watu wa magharibi mwa Serengeti, Wanata, Waikoma, Waishenyi, Wangoreme na Watatoga, historia imehifadhiwa katika majina ya mahali. Mzee anapotaja mabomani ya zamani kwa mpangilio anasimulia nani alikuja kutoka wapi na kwa nini. Nilikuwa nimekipigia mstari kitabu hicho kwa kalamu ya njano. Lakini juu ya kilima kile ndipo nilipoelewa kwamba kitu kilichokosekana katika picha zote za mbali nilizosoma si ukaribu peke yake. Hii ilikuwa picha ya mbali kuliko zote nilizowahi kupiga, mbovu kiufundi, na ilikuwa imejaa watu. Tofauti ni kwamba aliyeshika picha alijua majina, na mwenye kamera alikuwa ameulizwa ageuze lenzi wapi.

Nilikuwa nimekwishaanza kuichukia lenzi ile. Haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa langu, siku ile nyuma ya zizi.

*

Mwisho, jambo la aibu kwa mwanafunzi wa historia. Nilipohamishia picha kwenye kompyuta Dar es Salaam, bibi hakuonekana mahali nilipomtarajia. Kompyuta ilikuwa imempeleka mwanzo kabisa wa orodha, kabla ya picha zote nilizowahi kupiga kwa simu. Kamera huandika tarehe na saa ndani ya kila picha, pamoja na kasi ya shata na namba ya tundu. Saa ya ndani ya kamera yangu ilikuwa imerudi nyuma zaidi ya miaka kumi, na tangu siku niliyoinunua sikuwahi kuitazama. Kwa mujibu wa faili zangu, bibi alikaa mlangoni mwa jiko akicheka mwaka ambao babu alikuwa bado hai, huenda anachunga nyuma ya nyumba.

Nilikaa na kosa hilo jioni nzima kabla ya kulirekebisha. Kama unaanza na kamera iliyokwishatumika, weka tarehe sawa kabla ya kitu kingine chochote. Mjukuu wako hatakuwa na njia ya kujua.

Nilisafishisha picha mjini, nakala mbilimbili. Desemba nikarudi nazo. Bibi alizipokea kwa mikono miwili, akazipanga kitandani kama karata, akaita watoto waje waone. Ile ya kilima aliiweka pembeni. Kisha akaniambia nichukue kalamu.

Nyuma ya picha ya kilima niliandika majina kama alivyoyataja, na mara mbili alinisahihisha. Nyuma ya picha yake niliandika jina lake lote, la baba yake, la mahali alipozaliwa na la Nyambureti, na tarehe ya kweli. Katika zile nne za kawaida ilikuwemo moja ambayo mimi niliipenda, amekaa wima, ametulia, kila mstari wa uso unaonekana. Nilimwambia hiyo ndiyo nzuri ya kutundika.

"Hiyo mtundike nyinyi," alisema. Akachukua ile aliyocheka, mkono ukiwa nusu ya njia kwenda mdomoni, akaifunga ndani ya kanga na kuiweka chini kabisa ya sanduku lake la bati. "Hii ndiyo ya siku yangu. Umeona ilipo?"

Nikamwambia nimeona.